Babu Kitwana Aliyekataza Kufagia

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hapana. Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba wakasinzia. Paukwa!

— PAKAWA!

Hapo sawa. Sasa hata paa limesikia, na lazima lisikie, maana hadithi ya leo ni yake. Sogeeni. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, wenzako wapate pa kukaa.

Hapo zamani, zamani ile ya babu wa babu zetu, palikuwa na kijiji. Jina lake msiniulize. Aliyenisimulia hakunitajia, nami sitalibuni. Kilikuwa na visima viwili, minazi mingi, na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti. Na watu wake walikuwa na mila mbili walizozishika sana.

Mila ya kwanza: fundo la paa halifunguliwi. Kamba za usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, zinazoshika paa hufungwa siku nyumba inapojengwa, zikaachwa hapo. Hufunguliwa siku moja tu, siku mwenye nyumba anapozikwa. Siku hiyo wanaume hupanda juu, wakafungua mafundo, wakaezua makuti, na mpita njia akiona pau, zile fito za paa, ziko uchi hujua kwamba hapa pana msiba. Na walisema hivi: ukifungua paa mwenye nyumba angali hai, naye atafuata. Siku saba hazipiti.

Je, makuti yakichakaa? Huwekwa mapya juu ya yale ya zamani. Yakichakaa tena, mapya tena juu. Paa linavaa nguo juu ya nguo, linanenepa, linapendeza. Lakini kamba ya chini ni ile ile ya siku ya kwanza.

Mila ya pili: dhoruba ikipita, hufagiwa. Papo hapo! Kabla hujamuuliza jirani yako kama yu hai. Walisema dhoruba huacha nuksi ndani ya nyumba, na nuksi haikai penye sakafu safi. Basi upepo ukikatika tu, kijiji kizima utakisikia: fya, fya, fya. Fya, fya, fya.

Katika kijiji hicho alikaa mwanamke jina lake Sikudhani. Kwa kufagia, hakuwa na mpinzani. Sakafu yake ungeweza kumwaga mchele ukauokota wote. Mumewe, Shaame, alikuwa amekwenda bara na msafara wa wachuuzi wa chumvi. Alipoondoka alimwambia, "Mvua mbili tu, nitakuwa nimerudi." Mvua mbili zikapita. Ya tatu ikapita. Ya nne ikapita pia. Na mimba aliyomwachia ilikuwa sasa ni mtoto wa kike, Mize, anayekimbia uani na kuuliza maswali.

Wanawake wenzake walianza kumwambia kwa sauti ya chini, "Shoga, si ufungue paa tu?" Maana yake mnaielewa. Kubali mumeo amekufa, tukae matanga, uanze upya.

Sikudhani alijibu neno moja kila mara. "Paa langu limefungwa." Kisha akashika ufagio wake.

Basi ikawa siku moja, alasiri, kukawa kimya. Kuku wakaingia ndani bila kufukuzwa. Mbingu upande wa mashambani ikawa nyeusi kama chungu. Halafu, vuuu! Upepo. Vuuu! Minazi ikainama ikagusa chini. Makuti yakaruka kama ndege. Kwa! Kwa! Kwa! Ni nazi hizo zinapiga mapaa. Sikudhani alijibanza pembeni, Mize kifuani, akisikia paa likiinuka na kushuka, likiinuka na kushuka, mfano wa mtu anayehema.

Ukapita. Nyumba mbili zilikuwa zimeezuliwa kabisa, makuti yake yakaokotwa kwenye muhogo wa watu. Wenye nyumba hizo wakapelekwa kwa jamaa zao. Nyumba nyingine zote zilisimama. Bwana Faki, mwenye nyumba kubwa kuliko zote na paa la matabaka matano, alitoka nje akalitazama, akapiga makofi, akasema, "Mnaona? Hata unywele haujatikisika! Kesho nachinja mbuzi." Na wanawake, kila mmoja, mkono kwenye ufagio.

Ndipo ikasikika sauti inakuja njiani, na fimbo mbele yake, ko, ko, ko.

"Msifagie! Msifagie kwanza! Enyi wanangu, msifagie!"

Ni nani huyo? Ni Babu Kitwana. Fundi wa kuezeka, mzee wa siku nyingi, magoti yamepinda kwa kupanda mapaa ya watu. Mjane, mpole, mpenda muhogo wa kuchemsha. Watu walimpenda, lakini siku hiyo walimwona amechanganyikiwa. Walimcheka wakaendelea. Fya, fya, fya.

Alimfikia Sikudhani ufagio ukiwa umeshainuliwa.

"Weka chini, mjukuu wangu."

"Shikamoo, Babu. Lakini nuksi..."

"Marahaba. Nuksi nitaondoka nayo mimi. Weka chini."

Sikudhani akaweka ufagio chini. Alilelewa vizuri, nanyi mngekuwa hivyo ningefurahi.

Babu Kitwana aliingia, akafunga mlango, akapiga magoti. Akaanza kuisoma sakafu kama mwalimu wa chuo anavyosoma juzuu, kidole kikitembea. "Unaona hapa? Huu unga wa udongo, umepanga mstari ukutani. Jana ulikuwapo?"

"Haukuwapo. Nilifagia asubuhi."

"Basi ukuta umesagwa leo. Boriti iliyolala juu yake imetembea. Boriti iliyotulia haisagi ukuta." Akasogea. "Na hapa, vumbi hili la rangi ya kutu. Linuse."

Sikudhani akalinusa. Lilinuka usumba uliooza.

"Hiyo ni kamba yako," Babu akasema. "Inashuka kidogo kidogo."

Kisha akamwonyesha juu. Gizani, palionekana vijitobo vya mwanga vitatu, vinne, saba, vyote upande mmoja, upande wa kisimani. Upepo ulikuwa umeyainua makuti ukayarudisha, na yaliporudi hayakulala pale yalipokuwa. Mtu akiwa nje asingeona chochote. Mwisho akachukua fimbo yake, akaigonga nguzo ya kwanza, akaimba kwa sauti yake ya mzee:

"Paa, umelalaje?"

Nguzo ikajibu, du.

"Hii nzima." Akaenda ya pili. "Paa, umelalaje?" Du. Ya tatu. "Paa, umelalaje?"

Kwi-cha.

Ya nne. "Paa, umelalaje?"

Kwi-cha, kwi-cha.

Babu Kitwana akakaa chini, akafuta uso. "Sikudhani, mjukuu wangu. Paa lako limeshakwenda. Limekaa hapa kwa adabu tu. Upepo wa namna hii nimeuona utotoni. Huja kutoka mashambani, kisha hurudi kutoka kisimani kabla mwezi haujaandama. Ukirudi, utalisukuma upande huu uliolegea, na paa halitaruka. Litawashukia wewe na Mize."

"Sasa nifanye nini? Nifunge kamba mpya juu yake?"

"Utaifunga wapi? Pau zimefunikwa tabaka tatu. Kamba ya juu itashika makuti, haitashika pau. Hapa ni kufungua yote, mpaka chini, na kufunga upya."

Sikudhani akasimama. Uso wake ukabadilika.

"Babu, mwenye nyumba hii ni Shaame."

"Najua. Fundo hili nilimfundisha mimi."

"Basi unajua unaniambia nini. Nikilifungua, watu watakuja kukaa matanga. Na kama yuko hai huko aliko, siku saba hazipiti, atakufa. Nimuue kwa mkono wangu? Nimengoja mvua nne nije nimuue?" Machozi yakamtoka. "Paa langu limefungwa, Babu."

Mzee mwingine angegombana naye. Mimi ningegombana naye. Babu Kitwana alisema tu, "Mama yangu alikuwa mfagiaji hodari kukushinda wewe. Baada ya upepo ule wa kwanza alifagia mpaka sakafu ikang'aa. Siku ya tisa paa likashuka. Dada yangu alikuwa ndani, anapepeta mchele." Akachukua fimbo yake, akatoka.

Asubuhi yake, watu wakiwa wanajiandaa kwenda kwa Bwana Faki kula mbuzi, mtu mmoja akapiga ukelele. Juu ya nyumba ya Babu Kitwana pau zilikuwa uchi!

Loo! Kijiji kikapinduka. Bi Tatu, mke wa Bwana Faki, akaangusha sufuria akaanza kulia, "Babu yetu! Babu yetu katuacha!" Wanawake wakamwitikia. Wanaume wakachukua majembe kwenda kuchimba. Bwana Faki mwenyewe akaleta mikeka na dele la kahawa, maana kwa msiba hakuwa mchoyo. Wakafika mlangoni, wakaingia wakiwa wameinamisha vichwa. Wakamkuta marehemu amekaa kwenye kigoda, anakula muhogo.

"Karibuni," akasema marehemu. "Nani kafa?"

Bi Tatu alikatisha kilio katikati, mdomo ukabaki wazi.

"Mzee Kitwana," Bwana Faki akasema, "nani kakufungulia paa?"

"Nimelifungua mwenyewe, tangu alfajiri. Njooni muone kilichokuwa kinanishikia nyumba." Akachota kamba zake za zamani, akazikunja kiganjani. Zikavunjika. Akafungua mkono, ukatoka unga. "Zilikuwa hivi, nami nilikuwa nalala chini yake nakoroma. Sasa sikilizeni. Mnasema mwenye kufunguliwa paa hazidi siku saba. Haya. Nihesabuni. Mkinizika, basi msinisikilize. Nikiwa hai siku ya nane, kila mtu akafungue paa lake kabla upepo haujarudi."

Watu wakaondoka na majembe yao. Kahawa hawakuiacha.

Sikudhani hakulala vizuri. Asubuhi alichukua bakuli la uji akaenda kwa Babu. Alijidai anampelekea uji tu. Msimwamini.

"Hodi, Babu."

"Karibu. Bado nipo."

Siku ya pili, bakuli tena. "Hodi, Babu."

"Karibu. Bado nipo."

Siku ya tatu mvua ilimnyeshea mzee mle ndani, akawa anakohoa. Sikudhani alimletea tangawizi. "Hodi, Babu."

"Karibu. Nimelowa, lakini bado nipo."

Siku ya nne, bado yupo. Siku ya tano, "Hodi, Babu." Kimya. "Hodi, Babu!" Kimya. "Babu!" Sikudhani akatupa bakuli, akaingia mbio. Akamkuta Babu ameketi, macho yamemtoka, shavu limejaa.

"Mwanangu," akasema alipomeza, "nitajibu vipi na muhogo mdomoni?"

Sikudhani akacheka. Kisha cheko likageuka kilio, akalia hapo hapo chini ya mbingu tupu, kilio cha mvua nne. Babu Kitwana hakumnyamazisha. Alimmegea kipande cha muhogo, akamngojea.

Alipotulia, alimwambia, "Mimi simjui Shaame yuko wapi. Sikudanganyi. Lakini akirudi akute nyumba imeanguka, atabisha hodi wapi?"

Siku ya sita, yupo. Siku ya saba, yupo. Siku ya nane Babu Kitwana alitoka nje akijinyoosha, akaenda kwa Sikudhani na fimbo yake, ko, ko, ko. Akakuta uani makuti mapya yameshonwa, yamepangwa, yamefika urefu wa mtu.

"Haya ni ya nini?" akauliza.

"Mikono tu, Babu," Sikudhani akasema, akitazama chini. "Ilikuwa haina kazi usiku."

"Tufungue?"

Sikudhani akavuta pumzi. "Tufungue."

Babu hakumpa mwanamume mwingine fundo la kwanza. Alimpandisha Sikudhani mwenyewe kwenye ngazi. Sikudhani akalishika fundo alilolifunga mumewe. Lilikuwa gumu kwa juu, na ndani limeoza. Likafunguka kwa kidole kimoja. Babu akakata kipande kilichosalia kizima, akampa aliweke kwenye kanga. Tangu hapo wanaume wakapanda, wakaezua tabaka la kwanza, la pili, la tatu, mpaka pau. Boriti iliyotembea ikarudishwa mahali pake. Kamba mpya zikafungwa mbili mbili, fundo lile lile la Shaame.

Kamba zikapungua. Zilibaki zile tu ambazo Babu alizisokota kwa ajili ya paa lake mwenyewe.

"Leteni," akasema.

"Na lako, Babu?"

"Langu limeshazoea jua. Leteni."

Nyumba nyingi zilifunguliwa siku zile. Watu walikuta mambo. Kamba zilizooza, mchwa kwenye pau, kiota cha panya kilichokuwa ndicho kinashikilia pembe nzima. Bwana Faki ndiye aliyekataa. "Paa langu lina tabaka tano," alisema. "Uzito wake tu unatosha kulishika. Upepo uje, utachoka." Jirani zake wakamsihi. Akawapa mbuzi wengine wale, basi.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, kukawa kimya. Kuku wakaingia ndani.

Vuuu! Safari hii kutoka kisimani. Vuuu! Vuuu! Babu Kitwana asiye na paa alikuwa kwa Sikudhani, fimbo mkononi. Upepo ukalipiga paa upande ule uliokuwa umelegea. Sikudhani akamfunika Mize kwa mwili wake wote. Babu akagonga nguzo ya nne.

"Paa, umelalaje?"

Du.

"Paa, umelalaje?"

Du.

Mara nje pakasikika mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Krrrrr... PWAA! Halafu watu wanakimbia, watoto wanalia, mlango unapigwa. Alikuwa Bwana Faki, Bi Tatu na watoto wao, wamejaa vumbi na makuti vichwani. Paa la tabaka tano lilikuwa limeinuka lote kwa pamoja likaenda kukaa kwenye muhogo wa watu. Wamepona kwa sababu lilikwenda upande mwingine, na hilo walimshukuru Mungu mpaka kufa kwao.

Wakajibana mle ndani watu kumi na mmoja. Upepo ukipiga, Mize anaimba, "Paa, umelalaje?" na Babu anagonga, na nguzo inajibu, du. Mwisho Bwana Faki naye akaimba, sauti yake nzito ikitetemeka, watoto wakamcheka hata wakasahau kuogopa.

Ukapita. Wakatoka. Nyumba zote zilizofungwa upya zilikuwa zimesimama. Hakuna aliyezikwa kijiji kizima. Na masikio yakategwa, fya fya haikusikika popote. Wanawake walikuwa wamekaa vizingitini, fagio chini, wanamngoja Babu Kitwana aje awasomee sakafu.

Bwana Faki akamwendea, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Babu," akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita Babu, "nisomee na yangu."

"Yako ni rahisi, mwanangu. Tazama juu." Wakacheka wote, na Bwana Faki akacheka kuliko wote, kisha akalia. Wiki ile ile yeye na wanawe ndio walioezeka nyumba ya Babu, kabla ya kugusa yao.

Sasa ngojeni. Mnafikiri imekwisha? Bado.

Tangu siku ile Sikudhani alipofunguliwa paa, Babu Kitwana alianza jambo lisiloeleweka. Alikuwa na baraza nzuri yenye kivuli, ndipo alipozoea kusokotea kamba. Akaiacha. Akachukua usumba wake akaenda kukaa kwenye jiwe, pale njia ya chumvi inapoingia kijijini, juani kabisa. Asubuhi mpaka jioni anasokota kamba zake peke yake. Ile dhoruba ya pili tu ndiyo iliyomwondoa pale.

"Babu, jua litakupasua kichwa," Sikudhani alimwambia kila alipompelekea chakula.

"Usumba unataka jua," anajibu.

"Usumba umekauka tangu juzi."

"Basi mimi ndiye ninayetaka jua. Kuna mchuzi leo?"

Mwezi ukapita. Miezi mitatu ikapita. Watu wakasema uzee huo, muacheni.

Siku moja, adhuhuri, Sikudhani alifika na sahani yake akakuta jiwe tupu. Usumba umetawanyika chini. Fimbo ya Babu imelala vumbini. Moyo wake ukafa. Akatazama njia ya chumvi, na huko mbali akaona kitu ambacho asingekiamini. Babu Kitwana anakimbia! Mzee yule wa magoti yaliyopinda, bila fimbo, anayumba kushoto, anayumba kulia, anapiga kelele, "Simama! Wewe, simama! Utakwenda wapi bila kubisha hodi?"

Na mbele yake, mwanamume mwembamba, anachechemea, amekipa kijiji mgongo, anaondoka.

Sikudhani aliyatambua mabega yale. Sahani ikamponyoka.

Babu alimfikia mtu yule, akamkamata shuka. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kijijini, ukamletea Sikudhani maneno yote.

"Niache, Babu," Shaame alikuwa anasema. "Niliugua njiani, nikavunjika mguu, watu wema wakaniuguza. Nimechelewa. Nimeliona paa kutoka pale kilimani. Limebaki tabaka moja tu, limefunguliwa. Nimeshazikwa, nyumba ina mwenyewe mwingine. Siwalaumu. Niache niende."

"Hujui kusoma!" Babu akamkaripia, akihema. "Fundo lile ni la nani? Ungesogea ukatazama! Nimelifunga mimi, kama ulivyolifunga wewe. Mkeo alikataa kukuzika mvua nne. Paa lilifunguliwa ili lisimuue, yeye na mtoto wako."

"Mtoto?"

"Nenda ukabishe hodi."

Sikudhani hakusikia zaidi. Aligeuka akakimbia. Msishangae. Alikimbilia nyumbani, akaingia kwa mlango wa uani, akamvuta Mize, akasimama katikati ya sakafu yake safi, anahema, mkono umekishika kile kipande cha kamba. Akangoja. Nje, hatua moja nzito, moja nyepesi. Moja nzito, moja nyepesi. Zikasimama.

"Hodi?" ikasema sauti aliyoingoja mvua nne.

"Karibu," akasema Sikudhani.

Jioni walimfuata Babu Kitwana kwake, wote watatu. Sikudhani akapiga magoti mbele yake. "Babu, ulijua anakuja?"

"Sikujua."

"Sasa mbona ulikaa pale?"

Mzee alikuwa anaukanda mguu wake uliovimba kwa mbio zile. "Wewe nilikufundisha kusoma sakafu," akasema. "Yeye hakuwapo. Angerudi akalisoma paa kwa kisomo cha zamani, nani wa kumwambia? Mimi ndiye niliyelifungua. Ilikuwa juu yangu kukaa."

Sikudhani akasogea karibu. Akauchukua ule mguu, akauweka mapajani pake, akaukanda yeye.

Babu Kitwana aliishi mvua nyingine saba. Siku alipozikwa, watu walipanda kwenye paa lake kufungua mafundo, kama mila ilivyotaka. Hakuna kamba iliyokuwa imeoza. Zote nzima, zinang'aa. Shaame akashuka akamuuliza mkewe, "Tuzitupe?" Sikudhani akasema, "Nani atupe kamba za Babu?" Wakazigawa. Kila nyumba ikapata kipande, ikakifunga kwenye nguzo yake ya nne. Na kila mwaka kabla ya mvua, kijiji kile hufungua mapaa yake mchana kweupe, kwa vicheko na muhogo wa kuchemsha, wakafunga upya. Na dhoruba ikipita, kabla ya ufagio kuguswa, mkubwa wa nyumba hugonga nguzo na kuuliza paa limelalaje. Likijibu du, wote huitikia, "Asante, Babu."

Nanyi wanangu, funzo ni hili, silifichi. Mkipona, msikimbilie kufagia. Tazameni kwanza kilichoanguka chini, mjue kilicholegea juu. Na mkimfungulia mtu jambo lake, kaeni naye mpaka lifungwe tena. Anayewafanyia hivyo, mshukuruni angali anasikia.

Hadithi yangu nimeifunga hapo, mafundo mawili. Haya, mmoja wenu anyanyuke aigonge ile nguzo.